Sura Mpya, Muswada Uleule

Kuna wanaosema kwamba waigizaji weusi ndio walioiua televisheni ya Uingereza, na kabla ya kuwajibu naanzia mbali. Mkenya wa rika langu hahitaji kukumbushwa darasa la Mr Brown. Mind Your Language, kichekesho cha wageni wanaojifunza Kiingereza, ilirudiwa na kurudiwa KBC hadi tukawa tunamalizia mizaha kabla mwigizaji hajafungua kinywa: Ranjeet Singh, Singasinga mwenye kuomba radhi mara elfu, Ali Nadim, Mpakistani asiyeelewa swali, dada wa Kichina na kitabu chake cha Mao, mama anayefuma sweta huku wenzake wakisoma. Ilitengenezwa na London Weekend Television kati ya 1977 na 1979. Ukihesabu sura zilizojaa chumba kile kimoja, ni vipindi vichache sana vya Uingereza vya wakati huo vilivyokuwa na mchanganyiko wa watu kama ule.

Ndani yake hamkuwa na jambo jipya hata moja. Aliyeiandika, Vince Powell, ndiye huyohuyo aliyeshiriki kubuni Love Thy Neighbour, ile ya Mzungu na jirani yake mweusi wakitukanana juu ya ua kuanzia 1972 hadi 1976. Katika darasa la Mr Brown kila mwanafunzi aliwakilisha nchi. Hakuna aliyekuwa mtu. Michael Grade, aliyekuwa mkubwa pale LWT, hatimaye aliifuta kwa kuona inawadhalilisha watu. Tulicheka, sikatai, na nikikutana nayo leo bado mdomo unanisaliti. Lakini kama mchanganyiko wa rangi peke yake ungekuwa ndio ubunifu, basi hiyo ingekuwa kazi kubwa kuliko zote za mwaka 1978.

Mwaka huohuo wa 1978, BBC2 ilionyesha Empire Road. Sijawahi kukutana na mtu Nairobi wala Mombasa aliyeiona. Iliandikwa na Michael Abbensetts, mzaliwa wa Guyana, na ilihusu mtaa mmoja wa Birmingham wenye watu wa Karibi na Wahindi. Norman Beaton, naye wa Guyana, alikuwa Everton Bennett, mwenye nyumba na mwenye duka, mtu mbahili na mpenda sifa, mwenye kujifanya mzee wa mtaa. Alikuwa na shemeji yake, Walter, aliyeigizwa na Joseph Marcell. Huyo mnamjua: ndiye Geoffrey, mtumishi mwenye ulimi mkali katika The Fresh Prince of Bel-Air. Everton hakuwekwa pale kuwafundisha Wazungu chochote. Alikuwa na kodi ya kudai, kijana wake wa kugombana naye na majirani wa kuwasema. Rudolph Walker, yuleyule jirani mweusi wa Love Thy Neighbour, aliingia msimu wa pili, na Horace Ové wa Trinidad akaongoza baadhi ya sehemu. Mtazame Walker katika kazi hizo mbili. Ni mwigizaji mmoja na uso mmoja, ila kwa Powell kazi yake ni kupokea tusi na kulirudisha, na kwa Abbensetts anapewa nafasi ya kuwa na mambo yake.

Empire Road ilidumu misimu miwili tu.

Nimeanzia huko nyuma kwa sababu kuna lawama inayozunguka kila tamthilia ya Kiingereza inapotoka na mtu mweusi mahali ambapo hakutarajiwa. Lawama yenyewe inasema hivi: zamani Waingereza walikuwa na televisheni ya maana, yenye kuthubutu, na sasa imekufa, na aliyeiua ni huyu mweusi aliyepachikwa. Mjomba wangu, aliyetoka Mombasa kwenda London akiwa kijana na hajarudi ila kwa harusi na misiba, anaisema vizuri kuliko Wazungu wenyewe. “Mjomba,” aliniambia kwenye simu, maana yeye na mimi tunaitana hivyo, “zamani hawa watu walijua kutunga. Siku hizi wanajua kuchagua rangi.” Alikuwa ametoka kutazama Anne Boleyn ya Channel 5, ya mwaka 2021, ambamo malkia aliyekatwa kichwa mwaka 1536 aliigizwa na Jodie Turner-Smith, mwigizaji mweusi.

Mimi na mjomba tunakubaliana kwamba tamthilia ile ilikuwa dhaifu. Tunaachana njia kwenye sababu. Turner-Smith ndiye alikuwa kitu cha pekee cha kutazamwa mle. Kilichobaki kilikuwa historia ya Henry VIII iliyokwisha kutafunwa mara nyingi mpaka haina ladha: mishumaa, minong'ono, hofu ya kukosa mtoto wa kiume. Kama wangempa nafasi hiyo mwigizaji mweupe, ingekuwa dhaifu vilevile, ila hakuna ambaye angepiga simu kulalamika. Swali linalonikera ni kwa nini mtu mwenye pesa ya kutengeneza tamthilia mwaka 2021 alimwendea Anne Boleyn kwa mara nyingine, akaona kubadili uso kunatosha kuwa ndio upya.

Ili kulijibu inabidi nirudi Birmingham.

BBC ilifungua studio zake za Pebble Mill mwaka 1971, na ndani yake ikaweka idara ndogo ya tamthilia za mikoani chini ya David Rose, mtu aliyekuwa mtayarishaji wa kwanza wa Z Cars, tamthilia ya polisi. Rose alikuwa na bajeti yake, alikuwa mbali na London, na kwa kiasi kikubwa aliachwa afanye atakavyo. Ukitazama orodha ya kazi za chumba kile utadhani ni za watu kumi wasiofahamiana. Kuna Penda's Fen ya 1974, iliyoandikwa na David Rudkin na kuongozwa na Alan Clarke: mtoto wa kasisi katika vilima vya Malvern anatokewa na malaika, na mashetani, na mtunzi wa muziki Elgar aliyekwisha kufa, na mwishowe Mfalme Penda, mpagani wa mwisho. Kuna Nuts in May ya Mike Leigh, kuhusu mume na mke wasumbufu kambini. Kuna Gangsters, ya majambazi wa rangi zote za Birmingham, ambayo kadiri ilivyoendelea ilizidi kuwa wazimu mtupu. Kuna Empire Road. Na Rose alipokwishahamia Channel 4, idara hiyohiyo ikatoa Boys from the Blackstuff ya Alan Bleasdale, mwaka 1982, juu ya wanaume wa Liverpool waliokosa kazi, ambayo mpaka leo Waingereza huitaja wanapotaka kueleza enzi za Thatcher zilivyowauma.

Penda's Fen ndiyo inayonishika zaidi. Takriban kila mtu mle ni mweupe. Kijana anaanza akiwa mzalendo mkali, mwenye kuamini Uingereza safi, ya dini safi na damu safi. Anamaliza akipiga kelele mlimani kwamba yeye si safi kwa lolote, kwamba asili yake imechanganyika, kwamba ni mwanamume na mwanamke, tope na moto. Sijaona kazi iliyoivunja dhana ya Mwingereza halisi kama ile, na haikuhitaji kumbadili mwigizaji yeyote rangi. Iliyafanya hayo kwenye maandishi. Na mlango uliompitisha Rudkin na malaika wake ndio uliompitisha Abbensetts na mwenye nyumba wake. Hawakuingizwa kwa hesabu mbili tofauti, huyu kwa ubunifu na yule kwa rangi. Wote wawili walikuwa watu ambao mkubwa wa London asingewachagua, wakakutana na mtu wa Birmingham aliyeruhusiwa kukosea.

Hata hiyo enzi ya dhahabu anayoililia mjomba haikujengwa na wale anaowafikiria. Sydney Newman, aliyeanzisha The Wednesday Play, mfululizo wa BBC wa michezo ya usiku mmoja, mwaka 1964, alikuwa Mcanada, na Waingereza wa tabaka la juu walimwona mshamba. Doctor Who ya 1963, kipindi cha msafiri wa anga na wakati aitwaye Doctor, ilitokana na yeye; akamkabidhi mtayarishaji Verity Lambert, mwanamke ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini, na mwongozaji wa hadithi ya kwanza akawa Waris Hussein, kijana mzaliwa wa Lucknow, India. Ndiyo maana Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda ambaye familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari, alipotangazwa mwaka 2022 kuwa Doctor mpya na watu wakasema kipindi kimetekwa, nilijiuliza kilitekwa kutoka kwa nani. (Misimu yake miwili ilikuwa na maandishi ya kupanda na kushuka. Hilo ni jambo la mwandishi.)

The Wednesday Play hiyohiyo ilionyesha Fable ya John Hopkins, Januari 1965: Uingereza ambamo weusi ndio watawala na weupe ndio wenye kubeba vitambulisho na kuhamishwa kwa nguvu, yaani Afrika Kusini ya wakati ule imegeuzwa kichwa chini. BBC iliiahirisha kwa wiki moja ili isigongane na uchaguzi mdogo wa Leyton, ambako mgombea wa chama cha Labour alikuwa ametoka kushindwa katika jimbo la Smethwick miezi michache kabla, katika kampeni chafu ya ubaguzi. Hebu fikiria mchezo wa kuigiza unaoogopwa na watu wa uchaguzi. Mwaka uliofuata ikaja Cathy Come Home ya Ken Loach, juu ya familia inayopoteza makazi, ikatazamwa na watu wapatao milioni 12 kwa usiku mmoja.

Wala sitaki kuipaka enzi hiyo asali. BBC hiyohiyo ilionyesha The Black and White Minstrel Show, Wazungu waliojipaka masizi usoni wakiimba, kuanzia 1958 mpaka 1978. Mwaka 1981, ilipofika zamu ya Othello katika mfululizo wa Shakespeare, ilimpa Anthony Hopkins nafasi ya Mmoor na kumpaka rangi. Anayesema kwamba zamani waigizaji walichaguliwa kwa kipaji bila kutazama ngozi, amuulize Norman Beaton alisubiri miaka mingapi.

Basi nini kilitokea? Pesa ilitokea, na woga ulioletwa na pesa. Play for Today, iliyorithi The Wednesday Play mwaka 1970, ilifungwa mwaka 1984 baada ya michezo ipatayo 300. Mchezo wa usiku mmoja ni biashara mbaya: unajenga seti, unakusanya waigizaji, kesho yake vyote vinakwisha na hakuna msimu wa pili wa kuuza ng'ambo. Channel 4, iliyoanza Novemba 1982, ilimchukua David Rose asimamie tamthilia, na kwa muda mlango ukahamia huko. Ndiko ilikotoka My Beautiful Laundrette ya Hanif Kureishi, 1985, kijana wa Kipakistani na mpenzi wake Mzungu aliyewahi kuandamana na wabaguzi. Kisha sheria ya utangazaji ya 1990 ikazipiga mnada leseni za ITV, mtandao wa televisheni ya kibiashara. Kisha, mambo mengine yakiwa yameshapita hapo katikati, ikaja Aprili 2013 na nafuu ya kodi kwa tamthilia za gharama kubwa.

Hapo nitasimama kidogo, kwa sababu wengi hupita bila kuangalia. Ili upate nafuu hiyo, tamthilia yako lazima igharimu angalau pauni milioni 1 kwa saa moja ya kipindi. Serikali ilitaka kuvuta kazi kubwa zije zitengenezwe Uingereza, na zilikuja. Netflix na wenzake walijaza studio, na bei za mafundi, taa, magari na waigizaji zikapaa. Sasa jiweke mahali pa mkubwa wa tamthilia BBC, ambaye ada yake ya leseni, ile wanayolipa watazamaji kila mwaka, iligandishwa kwa pauni 159 kuanzia 2022 hadi 2024. Kuna kazi ya pauni milioni mbili kwa saa, inayopata nafuu ya kodi na labda mshirika wa Marekani. Na kuna kazi ndogo ya nusu saa kutoka kwa mtu asiyejulikana wa Handsworth, mtaa wa Birmingham, isiyopata nafuu yoyote. Ile kubwa itahitaji kueleweka na mnunuzi wa Los Angeles katika sentensi mbili. Malkia aliyekatwa kichwa anaeleweka katika sentensi mbili. Mtoto wa kasisi anayezungumza na Mfalme Penda haeleweki hata katika kurasa ishirini.

Mtu aliyefungwa hivyo hawezi kubadili hadithi, kwa sababu hadithi ndiyo iliyouzwa. Hawezi kubadili umbo, kwa sababu umbo ndilo lililomtuliza mnunuzi. Kilichobaki mikononi mwake ni nani avae gauni. Hilo halimgharimu kitu, linaonekana kwenye bango, na linaweza kujazwa kwenye fomu za takwimu za uwakilishi. Ndiyo maana simwelewi mjomba anapoiita chanzo cha ugonjwa. Kabati lilibaki tupu, mpishi akabadilisha sahani.

Wala siwaungi mkono wale wa upande wa pili, wanaodhani kazi imekwisha sahani ikibadilishwa. Mwaka 2021 ofisa mmoja wa BBC wa masuala ya uwakilishi alisema kuhusu Luther kwamba mwanzoni kila mtu alifurahia kumwona Idris Elba kama mpelelezi mkuu, mpaka ukagundua hana marafiki weusi wala hali chakula cha Karibi. Watu walimcheka sana, na kile cha chakula kilistahili kuchekwa. Elba mwenyewe ni mtoto wa Msierra Leone na Mghana, huenda angeagiza wali wa jollof. Lakini alikuwa ameligusa jambo. John Luther aliandikwa na Neil Cross bila kutaja rangi, na inasemekana hicho ni kimojawapo cha vilivyomvutia Elba. Ni uhuru wa kweli kwa mwigizaji. Kwa mtazamaji, uhuru huo unaweza pia kuwa utupu: mtu mwenye mwili mkubwa wa kuvutia, asiye na mama, asiye na mtaa, asiyepigiwa simu na shangazi.

Uchaguzi wa mwigizaji unaweza wenyewe kuwa ubunifu, na mfano ninaoupenda unatuhusu. Lucian Msamati alizaliwa London kwa wazazi Watanzania na akakulia Zimbabwe. Mwaka 2015 Royal Shakespeare Company ilimpa Iago, mtu mweusi wa kwanza kuigiza nafasi hiyo katika kampuni ile, mbele ya Othello wa Hugh Quarshie, naye mweusi. Ghafla maelezo ya kivivu, kwamba Iago anamchukia bosi wake kwa rangi, yakaanguka. Ikabidi utafute chuki nyingine: wivu wa wanaofanana, uchungu wa aliyepitwa na ndugu yake. Maneno ni ya Shakespeare, ila mchezo ukawa mwingine. Hiyo ilikuwa jukwaani. Televisheni imemtumia Msamati vizuri kiasi, kuanzia fundi magari mpole wa The No. 1 Ladies' Detective Agency mpaka Ed Dumani wa Gangs of London, na katika Black Earth Rising ya 2018 alikuwa karibu na ikulu ya Rwanda, katika hadithi ambayo mauaji yenyewe yalionyeshwa kwa michoro ya kuchorwa kwa mkono. Tamthilia hiyo ilikuwa na kasoro, ilijaa maelezo, lakini ilithubutu.

Kwa hiyo sisemi ubunifu umekwisha. Adolescence ya Machi 2025, sehemu nne, kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa kamera, ni kazi ambayo hata watu wa Pebble Mill wangeivulia kofia. Mpelelezi wake ni Ashley Walters, yule Dushane wa Top Boy, na rangi yake haigeuzwi somo wala hoja. Lakini angalia nembo inayotangulia: Netflix. Top Boy yenyewe ilianzia Channel 4 mwaka 2011, ikaachwa baada ya msimu wa pili, na Netflix ndiyo iliyoifufua mwaka 2019. Waingereza bado wanabuni. Wanachokosa ni kumiliki wanachokibuni na pa kujaribia mambo kabla hawajawa mahodari.

Michaela Coel aliliona hilo mapema. Netflix ilimpa dola milioni 1 kwa I May Destroy You, akakataa kwa sababu hawakukubali abakiwe na sehemu yoyote ya hakimiliki. BBC ikamkubalia, na mwaka 2020 tukapata vipindi 12 vya nusu saa vilivyoandikwa na mwanamke mmoja ambaye, kwa maelezo yake, alipitia rasimu 191. Nusu saa, tena! Na Coel hakudondoka kutoka mbinguni. Alikuwa na mchezo wa peke yake jukwaani mwaka 2012, ukawa Chewing Gum ya E4 mwaka 2015, ukamfundisha kazi. Ngazi za aina hiyo ndizo zinazong'olewa. Novemba 2024 BBC ilifunga Doctors, tamthilia ya mchana iliyoanza mwaka 2000, tena palepale Pebble Mill kabla jengo halijafungwa. Ilikuwa ya kawaida kabisa. Mjomba aliitazama akipiga pasi. Lakini hapo ndipo waandishi na waongozaji wengi walipopewa nusu saa yao ya kwanza, weusi kwa weupe. Ilifungwa kwa sababu ya gharama. Simu ya malalamiko kutoka London siku hiyo sikuipokea.

Januari 2025 Peter Kosminsky, mwongozaji wa Wolf Hall, aliiambia kamati ya Bunge la Uingereza kwamba ili msimu wa pili utengenezwe, yeye, mwandishi, mtayarishaji na Mark Rylance walilazimika kuacha sehemu kubwa ya malipo yao. Akapendekeza majukwaa ya mtandaoni yakatwe asilimia 5 ya mapato ya wateja wao wa Uingereza, pesa ziende kwenye tamthilia za nyumbani. Aprili kamati ikaunga mkono.

Pendekezo hilo naliunga mkono na mimi, kwa shaka moja. Wolf Hall ni kazi safi, lakini ni Henry VIII tena, na msimu huo wa pili nao uliweka sura za rangi mbalimbali ndani ya ikulu yake na ukasemwa kwa hilo. Pesa hizo zikipatikana zote zikaenda kwenye mishumaa na majoho, tutakuwa tumelipa kodi ili turudi tulipokuwa. Ningeomba fungu moja litengwe lisiguswe na mfalme yeyote: vipindi vya nusu saa, vya bei ndogo, vya watu ambao hawajawahi kuandika, virekodiwe Birmingham au Glasgow au Cardiff, na asiwepo mtu wa London mwenye ruhusa ya kutuma marekebisho. Nane katika kumi vitakuwa vibaya. Mjomba atanipigia.